Kobe Aliyekatikia Mlangoni

Mtaani walimwita Spidi, na jina hilo halikumjia hivihivi. Kazini alitengeneza mashine za fotokopi, kazi ya kuchomoa karatasi zilizokwama na kurudi nyumbani na wino kwenye kucha. Lakini kwenye kona ya chumba chao cha kulala alikuwa na kompyuta aliyoiunda mwenyewe kipande kwa kipande, na prosesa yake, ule ubongo wa mashine, aliilazimisha kwenda mbio kuliko kiwanda kilivyoiruhusu. Ya nini? Usimuulize. Wapo wanaume wanaofuga njiwa, wapo wanaosugua gari lisilotoka uani. Yeye raha yake ilikuwa ile namba ya spidi ipande kidogo na mashine isizime, naye ajipige kofi la paja aseme, "Umeona, Mwalimu?"

"Nimeona," mkewe angejibu bila kuinua macho. "Sasa itapika?"

Mkewe alikuwa amefundisha darasa la kwanza maisha yake yote. Akikohoa tu dukani, watu wazima wenye ndevu zao walijikuta wamepanga foleni. Sasa sauti hiyo ilikuwa inaondoka. Ni uvimbe wa kooni, na daktari hakuzunguka mbuyu: Jumatatu koromeo lote linatolewa. Atapumua kwa tundu la shingoni, atakula, ataishi, lakini kusema ndiyo basi tena. "Kama kuna la kusema liseme," daktari alimwambia, "ila taratibu, mama. Sauti iliyobaki ni ndogo."

Binti yao, waliyemwita Kadogo hata baada ya kuwapita wote kwa urefu, aliishi mbali, na mimba yake ilikuwa kubwa. Alitaka kitu kimoja tu kwa ajili ya mtoto anayekuja, nacho ni hadithi ya kobe aliyeuza nyumba yake. Mwalimu aliitunga zamani akimbembeleza yeye, na hakuiandika kamwe, kwa sababu utamu wake wote ulikuwa kwenye sauti. Kobe alisema kwa uzito, fisi aliyeinunua nyumba alisema puani, na pale kobe anaporudi, mvua ikimnyeshea mgongoni, kubisha mlango uliokuwa wake, Mwalimu hunyamaza. Hunyamaza kweli, mpaka mtoto ashindwe kuvumilia.

"Arekodi kwa simu tu, baba," Kadogo alisema. "Anitumie leo leo."

"Simu?" Spidi alikuwa kama ametukanwa. "Mama yako nimrekodi kwa simu kama tangazo la mnada? Hebu niachie mimi."

Jamani, huyu mtu! Ukimgusa kwenye mashine yake haambiliki.

Jaribio la kwanza, feni za kompyuta zilivuma mpaka Mwalimu akacheka na kukohoa. "Huyu kobe wako yuko uwanja wa ndege," akasema. Ilikuwa kweli. Miaka yote Spidi alikuwa amezima ile mipangilio ya kubana umeme, ile inayoifanya prosesa ikikosa kazi ipunguze mwendo, ipunguze na volti za umeme inazovuta, isinzie kidogo. Wenzake wa mchezo huo waliiona mipangilio ya waoga. Sasa akaiwasha. Angeweza pia kuirudisha mashine kwenye spidi ya kiwandani na mambo yakaisha, lakini thubutu! Spidi yake aliiacha palepale, akapunguza volti kidogo kwa mkono wake, ikienda mbio na hata ikisinzia, ili joto lishuke. Feni zikatulia. Chumba kikawa kimya hata saa ya ukutani ikasikika.

Kisha, ili kuipima, akaipa kazi nzito kuliko zote, mahesabu yasiyo na mwisho, kutwa nzima. Mashine haikutetereka. "Chuma!" akasema, kichwa kimemvimba.

Kesho yake wakiwa sebuleni na chai yao, mashine imeachwa inawaka bila kazi, alirudi akaikuta imezima. "Umeme huu nao!" akafoka, kama mtaa mzima unavyofoka. Akaenda kununua betri ya akiba, akaichomeka. Redio ya jirani ilikuwa ikiimba muda wote, ila masikio yake hayakuwa huko.

Jumapili mchana wakafunga madirisha, wakatundika blanketi mlangoni. Mwalimu aliketi kitandani amevaa gauni lake la kufundishia. Hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Aliitunza sauti kama mtu anavyotunza maji ya mwisho ya ndoo. Spidi akarekodi kipande kifupi cha kupima, akakihifadhi, akarekebisha kipaza sauti, kisha akamwashiria aanze.

Na Mwalimu akaanza. Sauti ilikwaruza, lakini ilikuwepo yote. Kobe alikuwepo, fisi alikuwepo na pua yake, na mvua ikanyesha humo chumbani. Spidi alilia bila aibu, kimyakimya asiharibu kazi. Hakutaka kuikatakata hadithi, kwa hiyo alikuwa amepanga kuihifadhi yote mwishoni.

"Kobe akafika mlangoni," Mwalimu akasema. "Ngo, ngo, ngo." Akanyamaza.

Spidi akatabasamu, akageukia kioo cha kompyuta. Ule mstari wa sauti ulikuwa umesimama. Akagusa kipanya, hakikusogea. Kisha kioo kikawa cheusi, na juu yao taa ya chumba ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

Hapo ndipo alipoelewa. Haukuwa umeme. Chini ya mzigo mashine ilipata volti za kutosha, ndiyo maana mahesabu ya kutwa hayakuiangusha. Ilipokosa kazi, au ilipopewa kazi nyepesi kama kurekodi, mipangilio ya kubana umeme ilizishusha volti, na zile alizopunguza yeye zikazishusha zaidi, mpaka mashine ikashindwa kuishi. Alikuwa ameijaribu kwa kila kazi. Hakuijaribu kwa kupumzika.

Mwalimu alikuwa amekwisha fungua mdomo ili kobe aseme. Akauona uso wa mumewe.

"Imekata?"

Spidi aliiwasha, akaitafuta rekodi huku na huku. Hakuna kitu.

"Lete simu," Mwalimu akasema. Akaiweka karibu na midomo, akaanza upya. Ikatoka hewa. Akameza maji, akajaribu tena. Hewa, na mkwaruzo kidogo. Akaiweka simu kitandani.

"Nilikuwa nimebakiza hiyo moja tu," akanong'ona. "Moja tu, baba." Akajilaza, akaugeukia ukuta. Alikuwa na hasira na alikuwa na haki nayo.

Jumatatu wakamchukua kwenda kupasuliwa. Jioni yake Spidi alirudi nyumbani, akairudisha mashine kwenye spidi ya kiwandani. Haijazima tena hata mara moja, na anaichukia kuliko kitu chochote nyumbani mwao.

Kadogo alipojifungua alipiga simu ya video. "Baba, hakuna hata kipande?" Kilikuwepo kile cha kupima. Spidi alikuwa amekificha, kwa aibu. Akamtumia.

Yeye na Mwalimu wakamwona Kadogo akikiweka karibu na sikio la mtoto aliyekuwa analia.

"Nianze?" sauti ya Mwalimu ikauliza.

"Bado, mama," ikajibu ya Spidi. "Subiri kidogo."

Kikaishia hapo. Mtoto akanyamaza, akageuza shingo, akitafuta ilikotokea ile sauti ya kwanza. Mwalimu, aliyeketi kando ya mumewe na kitambaa shingoni, akaisogelea simu, akafungua mdomo. Kisha akaufunga.