Bekoni Iliyotiwa Maji

Asubuhi moja ya mwezi wa saba niliamka pale Mbeya nikiwa nimechoshwa na kila kitu, nikaondoka. Sikuwa na mpango. Shule niliiacha darasa la nne, na tangu hapo miguu yangu ilikuwa haikai mahali. Kwa miezi saba nilikuwa nimeosha sufuria katika jiko la Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, na kwangu huo ulikuwa muda mrefu mno. Mpishi wake alinifungia kipande cha bekoni, ile nyama ya nguruwe ya chumvi na moshi, akaniambia nisije nikaila mbichi njiani.

Lori la mchele lilinishusha njiapanda ya Mufindi usiku. Nililala kando ya barabara nikitetemeka, na kulipopambazuka nikatembea mpaka Igowole. Ukungu ulikuwa haujainuka hata mchana. Nikajua kabisa kwamba usiku mwingine wa nje sitauweza.

Kwenye nyumba ya kwanza iliyokuwa ikifuka moshi nilisimama uani nikatoa salamu ya huko, “Kamwene.” Mama mmoja aliyekuwa akipukuchua mahindi aliitikia vivyo hivyo. Mumewe alikuwa akichonga mpini wa jembe. Niliomba pa kulala mpaka nipate kazi ya kuchuma chai. Mzee yule alisema wapita njia wote waendao kwenye chai hujiita watu wa maana, na wa mwisho aliondoka na blanketi lao. Akaniuliza mimi kazi yangu nini.

“Mpishi wa Wazungu,” nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Aliutazama mzigo wangu, akasema basi nipike. Kikilika, nitalala kwenye chumba kidogo kando ya ghala. Kisipolika, barabara ipo palepale nilipoiacha.

Niliwaeleza: karoti zinakatwa ukubwa wa kidole, kila moja inazungushiwa ukanda wa bekoni, inabanwa kwa kijiti cha mwanzi, kisha zinaokwa mpaka mafuta yachuruzike na nyama ikauke kingoni. Mtu anakula mbili tatu kabla ya chakula.

“Kabla ya chakula?” mama aliuliza. “Kwani hicho si chakula?”

“Ni cha kufungua tumbo, mama.”

“Matumbo ya hapa hayajawahi kufungwa, mgeni.”

Nilipoinuka kwenda jikoni, mzee alinizuia kwa mpini wake. Katika nyumba ile mwanamume hagusi mafiga. Akiyagusa, majirani watauliza kama mke ni mgonjwa au amekimbia. Nikapewa kigoda mlangoni, na pale nikapika kwa mdomo.

Karoti za bustanini kwake mama alizikata vizuri kuliko nilivyotarajia. Vijiti alivichonga mwenyewe. Nilimwambia aweke sufuria kwenye makaa machache, aifunike, apalie makaa juu ya kifuniko, wala asitie maji hata tone. Aliitikia. Mara nikasikia chwaa!

“Mama, umetia maji?”

Alisema sufuria kavu hutoboka, na nguruwe asiyechemshwa humpa mtu minyoo. Nikamsihi ayamwage. Akayamwaga bila kinyongo, akarudisha makaa. Niligeuka kidogo tu kupikicha macho kwa ule moshi, nikasikia tena chwaa.

“Kidogo tu,” alisema.

Nilitamani kulia. Kwa Mzungu nilikuwa nimeisugua trei ya bekoni mara zisizo na idadi, nikayakwangua mafuta yaliyogandia pembeni, nikainusa, nikamchungulia mpishi kila alipoinama. Nilidhani kuchungulia kunatosha. Sasa nimefungwa kwenye kigoda, nusu hatua kutoka kwenye moto, na chakula changu kinageuka mchuzi. Mara ya tatu nilisahau adabu, nikamwambia kwa ukali alitoe jikoni lile kopo lake la maji. Alilileta taratibu akaliweka miguuni pangu.

“Haya, lilinde. Inakaa muda gani?”

Nilitazama paa. “Mpaka iive.”

Kwa kuwa maji sasa niliyashika mimi, nilitaka kufidia muda uliopotea. Nikamwambia aongeze makaa. Akaongeza. Nikamwambia tena, na chini pia. Aliniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo. Harufu ya kuungua ilitufikia sote watatu kwa pamoja.

Alipofunua, chini palikuwa peusi tii. Juu, bekoni ilikuwa bado nyeupe na legevu kwa yale maji, na vijiti vya mwanzi vimebaki makaa. Mzee alichukua kipande kimoja, akakitafuna upande mmoja, karoti ikalia kama mbichi. Akakitoa mdomoni akakiweka juu ya gogo, akaendelea na mpini wake.

Nilianza kufunga mzigo wangu. Jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya vilima na baridi ilikuwa inapanda kutoka bondeni.

“Mama,” nilisema, “mimi si mpishi. Nilikuwa naosha sufuria.”

“Nilijua. Nilipokuuliza muda, ulitazama paa.”

Sufuria yake ilikuwa imeharibika kwa ajili yangu, nikaibeba mpaka kijitoni nikaisugua kwa majivu na mchanga kwa hasira zote za siku ile. Niliporudi nayo, mama aliigeuza huku na huku. Iling'aa mpaka kwenye makovu ya zamani. Akaingia ndani, akatoka na nyingine mbili nyeusi kuliko ile.

Nilimtazama mzee, nikimngojea anizuie tena.

“Mafiga ni ya mke wangu,” alisema. “Sufuria ikishatoka nje, yeyote anaosha.”

Nikaziosha zote mbili. Niliporudi, mzee alikuwa ametandika mkeka kwenye kile chumba cha kando ya ghala, na blanketi juu yake. Aliniambia kwamba hilo blanketi atalihesabu asubuhi.