Boya Lililokataa Kuzama

Mume wangu Fakihi anaunda mashua hapa kisiwani Kudhaa tangu hajaota ndevu, na hakuna hata moja iliyozama. Huo ndio wimbo wake. Ukimkuta barazani atakuambia, ukimkuta anatawadha atakuambia. Sasa mtu wa namna hiyo, ukisikia anaunda chombo cha kuzama kusudi, ungefanyaje? Mimi nilitupa mwiko.

Zamani alikuwa pia mpiga mbizi wa kamba koche, wale wenye miba na ndevu ndefu, mpaka sikio lake moja lilipopasuka huko chini. Daktari wa Kismayu akamwambia ukipiga mbizi tena utakuwa kiziwi kabisa. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mume wangu wa kwanza, Walidi, alizama akitafuta kamba hao hao, na mpaka leo hatujampata. Siku ile nilisimama ufuoni nikiyatazama maji, na maji hayakuniambia kitu. Nimekaa eda moja ya namna ile, ya pili siitaki.

Lakini Fakihi hakutulia. Alikwenda Kismayu, akarudi analikokota boya nyuma ya mashua. Boya la chuma la bandarini, kubwa kama choo, rangi imebabuka.

"Fakihi," nikamwambia, "katika vyuma vyote vya dunia, umechagua kile ambacho kazi yake ni kuelea?"

"Chuma chake kinene, hakibonyei," akasema. "Ndani nitavuta hewa ile ile ya juu, na masikio hayatajua kama niko chini."

"Na mimi huku juu nitajuaje kama uko hai?"

Hapo akainama kukwangua kutu ya boya. Akinikwepa hivyo huwa najua nimempata.

Basi nikatoa masharti. Kamba nene ilifunge boya kwenye mashua iliyo juu. Mawe yaning'inizwe kwa nje, na ndani kuwe na mkono wa chuma: ukiuvuta, mawe yanaanguka, boya linapanda lenyewe. Asishuke zaidi ya kina cha pima tatu. Na kwanza liende bila mtu. Yote akakubali. Akatia mpira kwenye mfuniko, akakata dirisha na kuliziba kwa kioo kinene cha plastiki kilichotoka Mombasa. Hewa, akasema, yawatosha watu wawili kwa muda wa chai mbili, kwa hiyo tutakaa muda wa chai moja tu. Ndani akaweka benchi. Nikamwuliza mbona pana hivyo, akasema ubao wenyewe ulikuwa mpana.

Siku ya jaribio tulilijaza mawe, nami kwa shingo upande nikatia leso yangu mpya, tukaliteremsha. Lilikaa chini mpaka watu wakachoka kungoja. Lilipovutwa juu, leso kavu kama iliyoanikwa. Ila mawe yalikuwa yamebingirika, yakakaribia kuvunja kioo. Fakihi akatikisa kichwa. "Jiwe na mtu hawakai pamoja humu," akasema.

Siku yenyewe kijiji kizima kilikuja. Fakihi kavaa shati la Idi, kaingia, kafunga mfuniko. Jirani yetu Abdulrazaq kashika kamba mashuani. Boya likayumba huku, likayumba kule, kisha likatulia juu ya maji kama mzee aliyeshiba. Wifi yangu Barke, dada yake Fakihi, hakuwa na huruma hata kidogo. "Kaka!" akapaza sauti. "Kweli wewe chombo chako hakizami!"

Fakihi akatoka jasho likimtiririka, na kila mtu akawa fundi. Tia mchanga, wakasema. Akajibu mchanga utaingia kwenye mpira wa mfuniko, maji yapite. Ongeza mawe ya nje. Kulabu zitakatika. Tia mbuzi, basi. Mbuzi akimwona samaki dirishani ataruka avunje kioo.

"Panatakiwa kitu kizito," akasema, "kinachojua kukaa kitako."

Barke akanigeukia. Kisha Abdulrazaq. Kisha, Mungu shahidi yangu, kijiji kizima.

"Mwanitazamia nini?" nikawaka. Mwili ninao, sikatai, na Fakihi ukimtia mfukoni humwoni.

"Bi Rukia, utamwacha mumeo aaibike?" Abdulrazaq akauliza.

Nilitaka kumtukana. Lakini nikafikiri: nikikataa, siku moja ataenda peke yake, na mimi nitasimama ufuoni tena nikiyatazama maji. Nikaona kheri nife naye kuliko kusimama pale mara ya pili. Nikakaza buibui, nikaingia majini. Fakihi akatangulia ndani ya boya; mlangoni nilipita kwa shida, Barke akinisukuma kwa nyuma huku anacheka mpaka machozi.

Na boya likazama. Hapo hapo, bila hata kuona haya!

Niliushika ule mkono wa chuma kwa mikono miwili, macho nimefumba, nikasoma kila sura niliyoijua. Fakihi akasema polepole, "Rukia, tazama."

Nilidhani chini ni giza. Miaka yote nilikuwa namwona Walidi gizani. Kumbe kuna mwanga wa kijani, majani yanalala na kuinuka, na kamba koche wametoa ndevu zao kwenye tundu la mwamba, wanatushangaa. Nikalia. Fakihi hakuuliza namlilia nani, alinipa tu ncha ya kikoi chake.

Tulipanda salama, sikio halikumuuma, na Barke akatupigia vigelegele vya harusi.

Baadaye nikaingia bandani kwa Fakihi kutafuta ufagio. Chini ya tanga kuukuu nikakuta vipande vya chuma, vimekatwa vizuri, vina matundu ya boliti. Nikakumbuka matundu kama hayo chini ya lile benchi. Nikajaribu kuvinyanyua vyote, vikanishinda. Nikachukua kimoja mpaka barazani.

"Fakihi, hivi ni vya nini?"

"Eti?" Akanigeuzia sikio bovu.

"Vyuma hivi! Kumbe ungeweza kuzama bila mimi!"

"Sisikii, mke wangu," akasema, na macho yake hayakuthubutu kunitazama.

Nikakirudisha chuma kile nilikokitoa, nikakifunika tanga vile vile. Kesho maji yakitulia tunashuka tena, na Barke nimeshamwonya asinisukume kwa nguvu.