Siku Niliyopanda Ulingoni Kumtunza Shomari

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa bada. Mchele tuliuona kwenye maharusi ya watu, na huko nako ukichelewa unaambulia ukoko, basi kila nyumba kule kwetu Mkange ilisonga ugali wa makopa ya muhogo mchana na usiku, tunauteremshia dagaa, na watoto wakienda chooni wanalia (mtanisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa). Nautaja kwa chakula kwa sababu tarehe mimi sizishiki, kusoma kwangu ni kule kwa ngumbaru, ila aibu yangu ya mwaka ule naishika vizuri sana. Kuna walioinasa kwenye simu zao. Mpaka leo nikishuka Bagamoyo vijana wa bodaboda wananiita, "Bibi, panda ulingoni!" nami nawajibu wawapandishe mama zao.

Haya, sikilizeni, maana huko nje yanasemwa mengi. Watu wanauliza kwa nini Shomari, aliyekuwa anaangusha wanaume kama minazi, leo anapakia mchanga kwenye malori Kerege. Wengine wanasema mvivu. Wengine wanasema hana moyo. Waongo wote hao.

Shomari ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu wa kiume. Mama yake alifariki mtoto hajaota hata jino, nikamchukua, nikamlea kwa uji na maziwa ya mbuzi mpaka akawa mtu wa kuinama akipita mlangoni. Sasa huyo marehemu mama yake naye alikuwa na mama, anaitwa Bi Zuhura, mtu wa Bagamoyo mjini, nyumba ya mawe, mlango wa nakshi, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na ukienda kwake unakunywa kahawa ukiambiwa habari za hilo duka. Mtoto alipokuwa na upele alikuwa wangu. Alipoanza kuangusha watu akawa "mjukuu wetu".

Kwenye ngumi za ridhaa, zile zisizo na malipo, Shomari hakuwa na wa kumtisha. Yeye ni wa uzito wa juu, na huku kwetu wanaume wa uzito ule ni wa kutafuta kwa tochi, wengine ni matumbo tu. Zilikuwa zinafungwa kamba uwanja wa mpira, watu wanazunguka, na mtu akienda chini tu sisi wanawake tunaingia na khanga zetu na vigelegele, tunamtunza mshindi kama anavyotunzwa bwana harusi au mwimbaji wa taarabu, tunamfunga khanga begani, tunacheza. Refa anatupisha. Kuna mmoja tulimfunga khanga na yeye, akacheka mpaka akakaa chini.

Ndipo akaja promota kutoka Dar. Akamwona Shomari, akampenda, akasema anaye bondia wake wa uzito huohuo, wapigane Bagamoyo kwa ngumi za kulipwa, na atakayeshinda anampeleka Afrika Kusini. "Ila mmoja tu," akasema. "Uzito huu hauna watu nchini. Atakayeshindwa sina wa kumpa apigane naye."

Siku chache kabla ya pambano kocha wake, Kibwana, akaja Mkange. Akavua viatu, akakaa mkekani, nikajua ana jambo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Sema."

"Bibi, ngumi za kulipwa zina masharti yake. Naona safari hii upumzike, tutakuletea habari."

"Na yule wa mjini atapumzika?"

Akajikuna shingo. "Bi Zuhura amepewa kiti cha mbele. Amemshonea Shomari joho la kuingilia."

"Na mwili wa kulivaa hilo joho aliushona nani?"

Kibwana akanywa maji yake. Hapo ndipo palipokuwa na pa kugeukia, nami nilipaona, kwamba nibaki na bada langu nimwombee mtoto dua. Lakini wivu, wanangu, haukai nyumbani. Nikauza kuku, nikanunua khanga mpya yenye maneno "Nimelea mimi, mwatamba ninyi", nikavaa baibui juu, na ndani (joto la siku ile lilikuwa la kupasua vichwa) nikavaa shumizi tu, nani angeniona?

Uwanjani nikakaa nyuma kwenye vumbi na wanawake wa Mlingotini. Ulingo wenyewe ulikuwa umeinuliwa juu, una ngazi, una taa. Shomari akatokea na joho lake jekundu, na mtangazaji akapiga ukelele, "Mtoto wa Bagamoyo! Mjukuu wa Bi Zuhura wa hapahapa mjini!" Wa hapahapa mjini! Mtoto aliyekuwa anakimbizana na ngedere wa Mkange! Bi Zuhura akainuka taratibu kama mtu anayepigwa picha, akamvika koja la asumini shingoni, akageuka, akaniona.

"Aa, mkwe! Kumbe nawe umekuja. Mbona umekaa huko kwenye vumbi?"

"Nimelizoea, mkwe. Wenzako tulikuwa tunalea."

"Na umelea vizuri, ndiyo maana tukampenda."

Tukampenda! Wanawake wa Mlingotini wakaguna, mmoja akanishika mkono, akasema, "Meza, dada, meza." Nikameza. Likashuka kama kaa la moto.

Kengele ikalia. Sitawadanganya kwamba najua ngumi, mimi najua Shomari tu, na Shomari siku ile alikuwa anampiga yule mtu wa Dar kama anatwanga. Raundi ya kwanza, ya pili, mtu anarudi nyuma, anakumbatia, anatema. Raundi ya tatu ikamwingia moja ya ubavuni, akapiga magoti, akalala. Uwanja ukalipuka. Refa akainama anahesabu, lakini mimi macho yangu hayakuwa kwa refa, yalikuwa kwa Bi Zuhura, na Bi Zuhura alikuwa ameinuka, mkono umo kwenye mkoba. Nikasema moyoni, kumbe koja halikumtosha, anataka na kumtunza awe wa kwanza.

Sijui miguu niliipata wapi. Nilipita katikati ya watu, nikafika kwenye ngazi za kona ya Shomari, Kibwana akanirukia akanidaka baibui, na mimi sikusimama, nikamwachia baibui langu mkononi, nikapenya kwenye kamba, nikatokea katikati ya zile taa na shumizi langu na khanga yangu mpya, mbele ya Bagamoyo nzima, masharifu wamo, maimamu wamo, mwanamume aliyewahi kunichumbia zamani yumo. Nikapiga kigelegele nikamfunga Shomari khanga, na kwa kuwa ni mrefu na ana jasho ikateleza ikamfunika uso.

"Bibi! Hajamaliza kuhesabu!" analia chini ya khanga. "Hajamaliza, bibi!"

Refa akaacha kuhesabu. Yule wa Dar akafumbua jicho moja akatuangalia, akalifumba tena.

"Huyu mama ni nani?" refa akauliza. "Ni wa kona hii?"

Na Kibwana pale chini, baibui mkononi, akasema haraka, "Hapana, refa! Shabiki tu huyo, mtoeni tuendelee." Nikamwona ananikonyeza. Promota naye akainamisha kichwa kama anayesema sawa, mtoeni. Refa akageukia viti vya mbele, akamuuliza Bi Zuhura, maana ndiye aliyetangazwa, "Mama, huyu ni wa kwenu?"

Bi Zuhura akanitazama juu mpaka chini, shumizi na yote.

"Hatumjui," akasema.

Basi. Kama angesema kichaa, ningenyamaza. Kama angesema mlevi, ningenyamaza. Hatumjui! Nikashika kamba kwa mikono miwili nikatoa sauti ambayo nasikia ilifika sokoni: "Hamnijui? Mimi ndiye bibi yake! Nimemlea mimi! Kona hii ni yangu, si yenu!"

Kibwana akajifunika uso kwa baibui langu. Refa akamwangalia Shomari kwa huruma, akamshika mkono, akaupeleka chini, akaenda akamwinua yule wa Dar aliyelala akamnyanyua mkono wake. Ndiyo sheria, nikaelezwa baadaye: mtu wa kona yako akiingia ulingoni raundi haijaisha, umeshindwa, hata kama mwenzako amelala anaota.

Shomari hakunipigia kelele. Alinifunika lile joho jekundu, akasema polepole, "Bibi, umeniua," akaniteremsha ngazi kama anateremsha yai.

Yule wa Dar akaenda Afrika Kusini. Nilimwona kwenye televisheni ya jirani, amevaa suti, mama yake kakaa mbele kwenye kiti cha sofa anatabasamu, na nilimwonea wivu mama yule mpaka jirani akazima. (Alipigwa raundi ya kwanza. Nilifurahi, nitafichaje?) Na Shomari akangoja mpinzani wa uzito wake, akangoja, hakuna, akaenda kwenye malori ya mchanga. Nimeapa sitakanyaga tena penye ulingo, hata wakiufunga uani kwangu, na wenye wajukuu nawaambia: mpende mtoto ukiwa umekaa.

Juzi hapa promota akatuma ujumbe. Amepata mtu wa uzito wa juu kutoka nje, yuko tayari kumchukua Shomari, ila anataka kwanza wazee wa pande zote mbili wafike mbele yake pamoja, wapeane mikono, waahidi kwamba fujo ile haitarudi. Shomari akaja kunichukua. Ameinama mlangoni, mchanga bado kwenye nywele.

"Bibi, vaa twende. Gari liko nje. Bi Zuhura ameshakaa ndani, amekuachia kiti cha mbele."

"Mtu aliyesema hanijui, siendi naye popote."

"Alisema vile ili kuniokoa, bibi. Ungenyamaza tu ningeshinda."

"Najua."

"Sasa?"

Gari likapiga honi. Nikauona mkono wa Bi Zuhura dirishani, una hina mpya, unanipungia nije. Shomari akapiga magoti pale kizingitini, lile jitu lote, akanishika miguu.

"Bibi. Kwa ajili yangu."

"Mtu aliyesema hanijui, siendi naye popote."