Daraja la Mama Waya

Pale kwenye mitambo ya maji walimwita Mama Waya, naye hakuchukia. Alianza kazi akiwa msichana wa kuwashikia mafundi ngazi, akajifunza umeme kwa kuwachungulia mabegani, hadi ikafika siku wao ndio wanaomchungulia yeye.

Mitambo ilikuwa na nyumba mbili: ya pampu, ya zamani, na ya machujio, mpya. Kila moja ilikuwa na mtandao wake, na mashine za huku hazikuelewa lugha ya mashine za kule. Tangi la machujio likijaa, mtu alipiga simu kwamba pampu izimwe. Simu isipopokelewa, maji yalimwagika mpaka barabarani. Wauzaji wa vifaa walisema dawa ni kung'oa vya zamani vyote. Mama Waya akasema vya zamani vina afya kuliko wao. Wiki sita alikaa na kijisanduku chenye matundu mawili ya waya, akakifundisha kusikiliza pande zote mbili, kutafsiri ujumbe na kuupeleka panapohusika tu. Siku tangi lilipojaa na pampu ikazima yenyewe, wenzake walipigwa na butwaa. Mlinzi ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Meneja naye akataka daraja hilo la kijisanduku lifike ofisini kwake, awe anawasha na kuzima pampu akiwa kitini. Mama Waya alikubali nusu: vipimo vitoke, amri zisiingie. Kaka yake, fundi wa pampu hizo hizo, aliwahi kupoteza vidole viwili kwa sababu mtu wa mbali aliwasha mota.

"Bosi, ukiwa ofisini huuoni mkono wa mtu ulioko ndani ya pampu."

"Anayeamua hapa ni mimi."

"Amua. Lakini si kwa mkono wangu."

Kesho yake akapewa barua ya kwenda kusoma mita mitaani. Kaka alimsihi aombe radhi, mwenye nguvu mpishe. Akajibu kwamba ameshampisha, si ndiyo maana anakwenda kusoma mita?

Alitembea juani miezi minne. Meneja akaleta mtaalamu wa kumuunganishia ofisi. Huyo akafungua kabati, akakuta Mama Waya amebandika karatasi inayoeleza kila ujumbe unatoka wapi, unakwenda wapi, na kwa nini amri za ofisini zimezuiwa. Akaisoma mara mbili, akaulizauliza mafundi, nao wakamwita kaka aje aonyeshe mkono. Mtaalamu akafunga kabati, akasema hatii saini ya kuziruhusu amri hizo.

Mwezi wa tano kisima kipya kikahitaji daraja la pili, na Mama Waya akaitwa, kwa sharti la kuandika barua ya kuomba radhi. Barua aliandika. Aliipeleka mwenyewe, akasimama mbele ya meza hadi meneja alipoifungua. Ilikuwa na maneno matatu: "Nimeripoti kazini leo."

Meneja aliigeuza nyuma. Kulikuwa kweupe. Mama Waya akaomba ufunguo wa kisima.