Tangi Lililojaa Mlangoni

"Mimi si geti!" Mama mtu alikuwa amekaa katikati ya kitanda chake, miguu kaikunja, shuka kaifunga kifuani kama mtu anayejiandaa kwa ngumi. Maneno alikuwa anamwambia mkwewe, lakini macho yalikuwa kwa mwanawe. "Kila dakika mama pisha, mama samahani, mama tunapita. Leo nimeamka hata sijajifunika sawasawa, mumeo huyo anapita na gunia begani ananiuliza nimelalaje! Nimelalaje? Nimelala kama mzigo stendi!"

"Mama, si nilibisha hodi kwanza," alisema mwanawe.

"Ulibisha pazia! Pazia linabishwa?"

Mkwe akageukia ukutani. Mabega yalimtikisika kwa kicheko, lakini hakuthubutu kukitoa.

Huyu mwana ndiye mwenye kiwanda kidogo cha bia hapo nyumbani. Wote wanamwita Povu, jina alilolipata akiosha matangi kwenye kiwanda kikubwa cha bia. Miaka kumi na moja alikuwa anarudi nyumbani na mabuti yamegandiwa na povu mpaka kwenye kamba. Alianza na brashi, akapanda kwenye valvu, akamalizia kwenye meza ya waonjaji. Siku moja akasema bia yao ina ladha ya maji yaliyosuuza chupa. Msimamizi akacheka. Povu akavua ovaroli, akaondoka zake. Alitaka bia yake mwenyewe, nzito, yenye rangi ya asali iliyoungua kidogo, ipikwe na watu wa nyumba moja bila bosi wa kuwapumulia shingoni. Kwenye lebo mkewe aliandika neno moja kwa herufi kubwa: HURU.

Basi huo uhuru wenyewe ulikuja hivi. Chumba cha kupikia kilijengwa nyuma ya nyumba, ukuta kwa ukuta na chumba cha mama. Kulia ni ukuta wa jirani, kushoto ni ukuta wa jirani mwingine. Upande uliobaki ni wa kichochoroni, na huko ndiko walikoweka mlango. Tangi la kuchachushia bia lilishushwa kwa juu kabla bati halijapigwa, miguu yake ikamwagiwa zege. Sasa, kipimo cha tangi Povu alikuwa nacho kichwani, na ni kile walichozoea kukitaja kule kazini kwake: tumbo peke yake. Koti akalisahau. Tangi la namna hiyo huvalishwa koti la bati kwa nje ili lishike ubaridi, na koti hilo linaongeza kiganja kizima kila upande. Zege likakauka. Wakaja kufungua mlango, ukaenda vidole vinne, ukagota. Paka wa jirani ndiye pekee aliyepita. Wakaung'oa mlango wote, wakakutana na tumbo la tangi, limejaa kwenye fremu, linang'aa, wanajiona sura zao.

Ndipo wakatoboa ukuta wa mama. "Wiki mbili tu, mama," alisema Povu. Sasa ni miezi minane. Tundu lilitiwa pazia, na magunia ya kimea, chupa, mipira ya maji, kila kitu kikawa kinapita miguuni pa kitanda chake.

Jana yake akaja mkaguzi. Alionja bia, akaguna kwa utamu, akaomba aonyeshwe pa kuingilia kiwandani. Alipofunua pazia alimkuta mama kavaa miwani anashona kitufe. "Karibu kiwandani," mama akamwambia. Mkaguzi hakucheka. Aliandika kwamba njia ya kiwanda haiwezi kuwa chumba anacholala mtu, akawapa siku saba, la sivyo kibali chao cha muda hakiongezwi.

"Kwa hiyo, mama," Povu alianza. "Tunahitaji chumba hiki. Chote."

Mama akaikaza shuka kifuani. Nje kulikuwa na mtu anafagia, ufagio ukasikika mpaka ndani.

Kuna jambo Povu hakumwambia mtu. Asubuhi ile msimamizi wake wa zamani alimpigia simu. Nafasi ya mkuu wa matangi iko wazi. Aje Jumatatu. Kuna likizo, kuna zamu, ukitoka umetoka, tangi ni shida ya mwenzako. Povu aliisikiliza simu ile kama mtu anayesikia harufu ya chakula kwa jirani. Tangu tangi lianze kazi, kila baada ya saa nne lazima asome joto lake. Ndugu yake kaoa, yeye hakwenda. Kona ya barabara, mahali anapokata nywele, ndiyo ilikuwa safari yake ndefu. Mkewe alikuwa anamtania: "Chupa zinatembea mjini, wewe uko ndani."

Na aliomba kimoyomoyo mama akatae. Akikataa, yamekwisha. Hakuna atakayesema Povu kashindwa. Watasema mama kakatalia chumba chake, na mama ana haki.

"Na nikikataa?" mama akauliza.

"Tunafunga," Povu akajibu haraka mno. "Siwezi kukufukuza kwenye chumba chako, mama. Ukikataa tunafunga leo hii."

Mkewe akamwangalia. Jibu lile lilitoka kama lililokaririwa.

Mama akashuka kitandani. Akaviringisha godoro, akalisukumia kwa mkwewe. "Nileteeni spana namba kumi na tatu."

"Ya nini, mama?"

"Ya meno! Ya kitanda, ya nini tena? Sogezeni hizo chupa zenu sebuleni, nipate pa kukiweka." Alipiga magoti, akaanza kufungua nati ya kwanza bila hata kuitazama. "Baba yako, Mungu amrehemu, alihama kazi mara sita. Mara zote sita nimekifungua kitanda hiki mimi. Leo nakifungua kwa sababu kuna mtu anabaki mahali. Shika mguu huo."

Povu akaushika.

"Ila sikiliza, baba. Nikishatoka humu, usije siku moja ukaniambia umechoka. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mkewe alikuwa anafuta machozi kwa mgongo wa mkono, anatabasamu. Povu naye akatabasamu, maana angefanyaje? Simu ikatetemeka mfukoni. Alijua ni nani. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye mguu wa kitanda, akaiacha itetemeke mpaka ikanyamaza.

Honi ikalia nje. Mfuga nguruwe alikuwa amekuja kuchukua machicha ya kimea, na machicha yakifika mchana hayajaondoka yanachacha, nyumba nzima haikaliki.

"Nenda, tutamalizia sisi," mama akasema, spana mdomoni.

"Nakuja!" Povu akapaza sauti. Akaulaza mguu wa kitanda sakafuni, akapita kwenye tundu, akajitwisha gunia la kwanza, bado la moto, maji yake yakimchuruzika mgongoni, akatoka nalo.