Nilimwacha Mwanafunzi Wangu Kwenye Makaa

Mimi ni mwalimu wa miaka hamsini na sita, katika shule moja ya huku milimani Lushoto. Naushukuru ukurasa huu kwa kunifichia jina, kwani wasomaji wake wengine niliwafundisha mimi.

Darasani kwangu yumo msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye kifafa. Baba yake, mkulima wa kijiji cha Malindi, huku huku Lushoto, alinieleza siku alipomwandikisha. Kwa wasioelewa, kifafa hakiambukizi. Huku kwetu watu huamini kwamba povu la mgonjwa likikugusa, nawe utaanguka. Ndiyo maana humkimbia. Nimeandika ubaoni miaka mingi kwamba si kweli: mwondoe penye hatari, mlaze ubavu, kaa naye mpaka azinduke.

Mwezi uliopita, watoto wakipanga foleni ya uji, alianguka jikoni na mkono wake ukaingia kwenye makaa. Wenzake walikimbia. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka alipoangukia. Nikaliona povu, miguu ikakataa.

Aliyemvuta ni mama mpishi, asiyejua kusoma. Akaniambia bila kugeuka, "Mwalimu, ubao wako umeuacha darasani?"

Tulimbeba kwa machela hadi zahanati. Kidonda kimepona, lakini vidole viwili havikunjuki.

Sasa mwalimu mkuu anataka aondolewe shuleni. "Mzee, inspekta wa shule akimkuta anagaagaa chini, tutamwambia nini?" Nilimpinga kwa maneno mengi, kama kawaida yangu. Akanisogezea karatasi. "Basi andika kwamba akianguka, utamshika wewe. Usipotia sahihi, Jumatatu namwita baba yake amchukue."

Jana baba huyo alikuja mwenyewe, akanishika mikono yote miwili. "Shikamoo mwalimu. Nimeambiwa mtoto alitolewa motoni. Najua ni wewe, maana ndiwe unayeujua ugonjwa huu. Mtoto nakuachia wewe."

Nikaitikia marahaba tu. Hata jina la mama mpishi sikulitaja.

Karatasi iko mezani ninapoandika haya. Nikitia sahihi, naahidi kwa miguu ambayo imekwisha kunikatalia, na huenda safari ijayo mama mpishi asiwepo. Nisipotia, mtoto anarudi shambani na mkono ule, na ndiye aliyekuwa akisoma vizuri kuliko wote.

Nimewaeleza watu mambo maisha yangu yote. Hili nielezeni ninyi: nitie sahihi, au nisitie?