Mpishi wa Mbege

Mwaka 1993, macho ya Philemoni, muuza mitumba wa Kwa Mrombo, yalipogeuka manjano na tumbo kuvimba, mama yake, Bibi Agnela, alishuka kutoka Machame hadi wodini na jibu lake tayari. Mwanawe alikuwa amelishwa kitu. Hakuhitaji kumtaja aliyekuwa akimpikia.

Aikande, mke wa mgonjwa, naye alikuwa na mashaka yake: mbona daktari alirudi tena na tena kuchukua damu, akiitazama ndani ya kichupa cha kioo kana kwamba anasaka humo jina la mtu?

Daktari Khalfani, mwenyeji wa Pangani, aliuliza kama mgonjwa hunywa pombe. Bibi Agnela akaapa kwamba hajaigusa tangu kipaimara. Wala hakusema uongo. Miaka ile ya soko huria, pombe kwake ilikuwa ile ya makopo iliyofurika madukani. Mbege, kileo cha nyumbani cha ndizi na ulezi, ilikuwa chakula, na Philemoni alikishiba chakula hicho kutwa kucha.

Daktari akaeleza kwamba damu inachelewa kuganda na manjano yamepanda mno. Kwa vipimo hivyo viwili, uvimbe wa ini ulikuwa mkali. Ikiwa chanzo ni pombe, vipo vidonge vya kuutuliza. Ikiwa ni virusi, vidonge hivyo hivyo vingeweza kumzika.

Kunyamaza kungemlinda Aikande. Kusema kungempa mkwewe ushahidi.

"Daktari, anakunywa mbege," alisema. "Nyingi, kila siku. Mimi ndiye ninayempikia."

"Umesikia," alisema Bibi Agnela polepole. "Kwa kinywa chake mwenyewe."

Daktari, mgeni wa mambo ya mlimani, hakuwa amejua kuuliza kwa jina hilo. Alimpima Philemoni tena asije akawa na maambukizi, hakuyaona, akaandika vidonge. Mbege ikome, alisema. Na manjano yasiposhuka ndani ya juma moja, dawa ataisimamisha.

Vidonge vililetwa, na Aikande akamimina uji wa kuvimezea. Bibi Agnela akamshika mkono.

"Mama Hans, onja kwanza. Kwetu mpishi huonja."

Aikande akanywa mafunda mawili, akafungua kinywa kuonyesha amemeza. Ndipo Philemoni akapewa kikombe.

Ikawa hivyo juma zima. Manjano yaliposhuka na dawa kuendelea, Bibi Agnela aliwaambia wagonjwa wa jirani kwamba mwanawe anapona kwa sababu mpishi amechungwa.